Moshi, Mvuke, Ukungu: Vitenzi vya Kiswahili na Uchaguzi wa Vyombo vya Kunukiza Nyumba

1. Utangulizi

Neno la Kifaransa diffuseur hutumika kwa kila kifaa kinachosambaza harufu ya mafuta ndani ya nyumba. Sahani ndogo iliyowekwa juu ya mshumaa huitwa hivyo. Kopo la umeme linalotoa ukungu huitwa hivyo. Bomba la kioo linalopasua mafuta kuwa matone huitwa hivyo. Na hata chupa iliyochomekwa vijiti huitwa hivyo. Mnunuzi wa Kamina anayelisoma neno hilo ubavuni mwa kasha hapati habari ya jambo analolihitaji kuliko mengine yote, yaani namna harufu inavyotoka katika chombo na kuingia hewani.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba Kiswahili, kutokana na historia ndefu ya manukato katika mwambao wa Afrika Mashariki, kimezitenganisha namna hizo kwa vitenzi vyake. Kufukiza si kuvukiza, na kuvukiza si kunyunyiza. Kila kitenzi kinadai chombo chake. Na kila chombo kinadai kitu fulani kutoka kwa mwenye nyumba, kiwe ni moto, maji, umeme au mafuta mengi, na huacha kitu fulani hewani. Kwa hiyo mtu anayejua kitenzi kinachofaa nyumba yake amekwisha kukijua chombo anachopaswa kukinunua, au anachopaswa kukiacha dukani.

Jambo hili si la lugha peke yake. Katika mji ambamo nyumba nyingi hupika kwa makala, na ambamo usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, tofauti baina ya moshi na ukungu inaweza kuwa tofauti baina ya usingizi mwema na ajali.

2. Msamiati wa manukato katika mwambao

Katika Kiswahili sanifu, kitu chenye harufu mbaya hunuka, na chenye harufu nzuri hunukia. Tofauti hiyo ya kinyambo kimoja tu inadhihirisha jinsi wasemaji wa mwambao walivyoipa harufu nafasi katika lugha yao. Chini ya dhana hiyo ya kunukia kuna makundi matatu ya maneno yanayohusika moja kwa moja na mjadala huu.

Kundi la kwanza ni la moshi. Kitenzi kufuka maana yake ni kutoa moshi, na kufukiza ni kukifanya kitu kifuke. Vinavyofukizwa ni vitu vikavu: udi, ambao ni mbao ya miti ya jenasi Aquilaria iliyojaa utomvu baada ya kushambuliwa na kuvu; ubani, ambao ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi Boswellia, inayoota Dhofar nchini Oman na katika Somalia; na huko Unguja, udi wa kuunga, ambao hutengenezwa nyumbani kwa kuchanganya vipande vya udi, sukari na manukato. Chombo cha kufukizia ni chetezo, wingi vyetezo. Katika Zanzibar na Lamu, nguo za bibi arusi na chumba chake hufukizwa kwa chetezo, na mgeni wa heshima hupokewa kwa moshi wake.

Msomaji wa Kamina huenda asilijue neno chetezo kutokana na nyumba za mwambao, lakini yamkini amelikuta kanisani. Biblia ya Kiswahili inataja vyetezo katika Mambo ya Walawi, sura ya 10, na katika misa ya Kikatoliki chetezo huning'inizwa kwa minyororo na kutiwa ubani. Neno ni lilelile, na kazi ni ileile.

Kundi la pili ni la mvuke. Kuvukiza ni kukitia kitu katika mvuke, au kuufanya mvuke utoke katika maji ya moto. Mwanzoni mwa mwaka 2021 neno nyungu, ambalo maana yake ni chungu, lilisikika kila mahali nchini Tanzania, kwa kuwa watu walihimizwa kujifunika shuka juu ya chungu cha maji ya moto na majani, kwa matumaini ya kujikinga na UVIKO-19. Kitendo hicho kiliitwa kujifukiza, ingawa kilichotumika kilikuwa mvuke na si moshi. Mfano huo unaonyesha kwamba katika matumizi ya kila siku mipaka ya vitenzi hivi viwili huingiliana. Hata hivyo, katika kuchagua chombo, mipaka hiyo inafaa ilindwe.

Kundi la tatu ni la matone. Kunyunyiza ni kurusha maji au mafuta katika chembechembe ndogo. Chombo chake cha asili katika mwambao ni mrashi, chupa yenye shingo ndefu na nyembamba, ambayo katika maulidi na harusi hutumika kuwarashia watu marashi ya waridi. Maneno mrashi, marashi na kurashia yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Lugha, kwa hiyo, imeyaita marashi si kwa harufu yake bali kwa jinsi yanavyotumika.

Nje ya makundi haya matatu kuna manukato yasiyohitaji chombo kabisa: asumini iliyotandazwa kitandani, kikuba cha majani ya rehani anachokivaa mwanamke, langilangi iliyochomekwa nywelani. Haya hunukia yenyewe, kwa nguvu ya hewa tu.

3. Mafuta yenyewe na tatizo la jina lake

Kabla ya chombo huja kitu kinachotiwa ndani yake. Katika matangazo ya biashara, yale ambayo Wafaransa huyaita huiles essentielles huandikwa mafuta muhimu. Tafsiri hiyo inapotosha. Neno la Kifaransa halisemi kwamba mafuta hayo ni ya lazima kwa mwili, kama vile chumvi au maji yalivyo ya lazima. Linatokana na essence, yaani kiini cha mmea kilichotengwa na mmea wenyewe. Mama anayeambiwa kwamba mafuta hayo ni muhimu anaweza kuamini kwamba mtoto wake anayahitaji. Jina lililo salama zaidi ni mafuta ya kunukia, na ndilo linalotumiwa katika makala haya.

Mafuta hayo hupatikana aghalabu kwa kukeneka. Mvuke hupitishwa katika majani, maua au vikonyo. Mvuke hubeba harufu. Kisha hupozwa, na mafuta hujitenga na maji. Kazi hiyo hufanywa katika Afrika Mashariki yenyewe. Huko Wawi, karibu na Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, kipo kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambacho hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu na ya mimea mingine kama mchaichai na mkaratusi. Visiwa vya Komoro, kwa upande wake, vinajulikana duniani kote kwa mafuta ya langilangi.

Ingawa huitwa mafuta, si mafuta kama ya mawese au ya karanga. Mafuta ya kupikia hayapeperuki. Ya kunukia hupeperuka. Tofauti hiyo inampa mnunuzi njia rahisi ya kupima. Tone moja hudondoshwa juu ya karatasi nyeupe na kuachwa hadi kesho yake. Mafuta halisi ya limau au ya mkaratusi hupotea bila kuacha doa la grisi. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, doa linalong'aa hubaki. Mafuta mazito, kwa mfano ya sandali, huchelewa kupeperuka na yanaweza kuacha rangi, kwa hiyo kipimo hiki kinafaa zaidi kwa yale mepesi.

Uzito huo una maana kubwa katika kuchagua chombo. Limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya maganda ya machungwa na malimau, huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254. Chombo kinachotegemea joto huyatoa ya kwanza upesi na ya pili polepole. Chombo kinachopasua mafuta kwa nguvu huyatoa yote pamoja.

4. Aina za vyombo

4.1 Chombo cha moshi

Chetezo cha udongo au cha madini hutiwa makaa yaliyokwisha kushika moto vizuri, kisha udi au ubani huwekwa juu yake. Sifa yake kuu ni kwamba hakihitaji umeme wala maji. Sifa ya pili ni kwamba udi na ubani ni vitu vigumu visivyoweza kutiwa katika vyombo vya kisasa vya mafuta. Anayetaka harufu ya ubani wenyewe, na si ya mafuta yake, hana budi kufukiza.

Moto wa kubebeka katika chombo cha udongo si jambo geni katika Haut-Lomami. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako wataalamu walianza kufukua mwaka 1957, vilipatikana vyombo vingi vya udongo vya ufundi wa hali ya juu, vikiwamo vijiko vidogo vya kuwekea moto. Hakuna haja ya kudai kwamba vilikuwa vyetezo. Vinatosha kuonyesha kwamba mfinyanzi wa nchi hii alijua zamani sana kuuweka moto mahali padogo na kuuhamisha. Mbabula ya leo inafanya kazi hiyohiyo.

Dosari ya chombo cha moshi ni moshi wenyewe. Chembe zake ndogo huingia mapafuni, na makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hapa ndipo hatari inapojificha. Harufu nzuri ya ubani humfanya mtu aamini kwamba hewa ya chumba ni safi, kumbe gesi inayoua haisikiki puani. Chetezo kinafaa katika chumba kilicho wazi, kwa dakika chache, kisha makaa hutolewa nje. Mafuta ya kunukia hayapaswi kamwe kumiminwa juu ya makaa, kwa sababu hushika moto.

Katika nchi za Ghuba, ambamo Waswahili wengi wanaishi, vimeenea vyetezo vya umeme vinavyopasha udi bila makaa. Hivyo huondoa gesi ya makaa, lakini moshi wa udi wenyewe hubaki.

4.2 Chombo cha mvuke wa joto

Umbo lake la kawaida ni kijungu chenye nafasi ya mshumaa chini na sahani juu. Sahani hutiwa maji na matone machache ya mafuta. Maji yana kazi mbili. Kwanza, huyasaidia mafuta kupanda, kwa kanuni ileile inayotumika katika kiwanda cha Wawi: mafuta yakichanganyika na mvuke wa maji hupeperuka chini ya nyuzi za kuchemka kwake. Pili, maji huzuia joto lisipite kiasi. Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 au 97. Maadamu yamo sahanini, mafuta hayawezi kupata joto zaidi ya hilo. Yakikauka, mafuta huungua, harufu hugeuka, na sahani inaweza kupasuka.

Chombo hiki ni cha bei nafuu na hakina kelele. Harufu yake hubadilika kadiri muda unavyopita: limau hutangulia, karafuu hufuata. Wapo wanaoipenda sifa hiyo, na wapo wanaoiona kuwa kasoro. Kasoro isiyobishaniwa ni mshumaa unaowaka katika nyumba yenye watoto, mapazia na chandarua.

4.3 Chombo cha ukungu

Hiki ndicho chombo kinachouzwa zaidi siku hizi. Chini ya kopo la maji kuna kisahani kinachotetemeka kwa umeme zaidi ya mara milioni 1 kwa sekunde. Mtetemo huo huupasua uso wa maji kuwa matone madogo mno, na matone hayo hupanda pamoja na chembe za mafuta. Hakuna moto wala joto.

Wauzaji hukiita chombo cha mvuke baridi. Kwa mizani ya lugha, maneno hayo yanapingana. Mvuke ni maji yaliyogeuka gesi, nao hauonekani. Kinachoonekana kikitoka katika chombo hiki ni ukungu, yaani maji yaliyobaki kuwa maji, isipokuwa katika matone madogo. Tofauti hiyo ina matokeo. Mvuke huacha chumvi na uchafu chini ya chungu. Ukungu hubeba vyote vilivyomo majini: maji ya kisima yenye madini huacha vumbi jeupe juu ya meza, na maji yaliyolala siku mbili ndani ya kopo hurusha vijidudu hewani. Kwa sababu hiyo chombo cha ukungu hudai maji safi, kumwagwa kila baada ya matumizi, na kusuguliwa kwa siki au spiriti angalau mara moja kwa juma. Maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, kisha yakapoa, yanafaa kuliko ya kisima, kwa kuwa hayana madini mengi.

Matumizi yake ya mafuta ni madogo. Maji mililita 100 hutosha matone 3 hadi 5.

4.4 Chombo cha matone

Chombo hiki hakitumii maji wala joto. Pampu ndogo husukuma hewa kwa nguvu katika tundu jembamba la kioo. Hewa huyanyonya mafuta na kuyapasua. Ni mjukuu wa mrashi: kazi ya mkono unaotikisa imechukuliwa na pampu. Harufu yake ni kali na kamili, kwa kuwa sehemu zote za mafuta, nyepesi na nzito, hutoka kwa pamoja.

Gharama yake haimo katika bei ya chombo tu. Mililita 1 ya mafuta ni takribani matone 20. Chupa ya mililita 10 ina matone 200 hivi. Anayetumia matone 5 kila jioni katika chombo cha ukungu atakaa na chupa hiyo jioni 40. Chombo cha matone kinaweza kumaliza mililita nzima kwa saa moja kikiachwa bila kukatizwa, na chupa hiyohiyo ikaisha kwa jioni 10. Zaidi ya hayo, pampu ina mlio, na mafuta mazito huziba tundu. Kinafaa ukumbi mkubwa kuliko chumba cha kulala.

4.5 Chombo cha hewa

Aina ya mwisho ni ile inayoyaacha mafuta yapeperuke yenyewe. Vijiti huchomekwa katika chupa na kuyavuta mafuta juu. Kitambaa hudondoshewa matone na kutundikwa dirishani. Kipande cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala kung'arishwa hunyonya mafuta na kuyaachia polepole. Hiki ni kikuba katika umbo jingine. Harufu yake ni ya upole, haifiki mbali, na mafuta mazito hayapandi vizuri. Kwa upande mwingine, hakina moto, umeme, maji, mlio wala moshi, na kigae cha chungu kilichovunjika kinaweza kufanya kazi hiyo bila gharama yoyote.

5. Kuchagua katika mazingira ya Kamina

Uchaguzi wa chombo unaweza kufanywa kwa kujibu maswali manne.

Swali la kwanza ni la umeme. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni takribani mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme, na hata mwenye waya nyumbani hana hakika nao kila jioni. Familia nyingi hutegemea paneli ndogo ya jua na betri. Chombo cha ukungu cha wati 12 kikiwashwa saa 4 hutumia kiasi cha umeme ambacho kingeiwasha taa ya wati 5 kwa saa 9 na zaidi. Mwenye nyumba ambamo wanafunzi husoma usiku anapaswa kulinganisha harufu na mwanga kabla ya kununua.

Swali la pili ni la maji. Anayechota maji kisimani na kuyabeba kichwani hatakosa kujiuliza kama yafaa kumwagwa kila asubuhi kwa ajili ya kopo la ukungu. Asipoyamwaga, anahatarisha mapafu ya nyumba yake.

Swali la tatu ni la majira. Katika kiangazi cha Kamina, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa ni kavu na vumbi ni jingi. Ukungu huleta nafuu puani. Katika majira ya mvua hewa imekwisha kujaa unyevu, na chombo kinachoongeza maji hewani hualika kuvu ukutani. Wakati huo chombo cha hewa kinafaa zaidi.

Swali la nne, ambalo kwa uzito ni la kwanza, ni la watu wanaolala chumbani. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na mbabula huingizwa ndani kwa ajili ya joto. Mara nyingine majani au ubani hutupwa juu yake, na mlango hufungwa. Hapo kazi mbili zinachanganywa, kupasha joto na kunukiza, na zote mbili hufanywa na chombo kimoja kinachotoa gesi isiyosikika. Makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Hakuna manukato yanayopunguza hatari hiyo, yanaificha tu. Kwa chumba cha kulala, kitenzi kufukiza hakina nafasi.

Majibu ya maswali hayo yanaelekeza hivi. Nyumba isiyo na umeme wa hakika, yenye watoto, inafaa chombo cha hewa: kigae, kitambaa au vijiti vilivyowekwa juu wasipofika. Nyumba yenye umeme na maji safi inaweza kutumia chombo cha ukungu wakati wa kiangazi. Sebule ya watu wazima, ambamo yupo wa kuulinda mshumaa, inaweza kutumia sahani ya mvuke. Chetezo kibaki kwa siku za sherehe na ibada, madirisha yakiwa wazi. Chombo cha matone kiachiwe ukumbi, na mwenye uwezo wa kununua mafuta mara kwa mara.

6. Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza inawahusu watoto. Mafuta ya mkaratusi yana sineoli nyingi, na mafuta ya peremende yana mentholi. Yote mawili yanaweza kubana pumzi ya mtoto mchanga. Hayafai kusambazwa katika chumba anamolala mtoto wa chini ya miaka miwili, wala kupakwa usoni pake. Yakinywewa, hata kiasi kidogo cha mafuta ya mkaratusi ni sumu kwa mtoto. Chupa, kwa hiyo, iwekwe mahali pamoja na dawa na mafuta ya taa, si pamoja na mafuta ya kupikia. Jina mafuta linaweza kumdanganya anayetafuta kitu gizani. Mwenye pumu naye asiulizwe kama harufu ni nzuri; aulizwe kama anapumua vizuri. Hata kwa mtu mzima mwenye afya, nusu saa ya chombo kilichowashwa yatosha, kisha hewa ibadilishwe.

Tahadhari ya pili inahusu mbu. Mchaichai na mimea ya jamaa yake hutoa harufu ambayo mbu huikwepa kwa muda mfupi, na wauzaji hulitumia jambo hilo kuuza vyombo. Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Katika hali hiyo ahadi ya namna hii si jambo dogo. Harufu ya chombo hupungua kabla ya usiku wa manane, ilhali mbu wa malaria huuma hadi alfajiri. Chombo hakichukui nafasi ya chandarua. Na fedha zisipotosha kwa vyote viwili, chandarua hutangulia.

7. Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba jina moja la jumla humwacha mnunuzi gizani, na kwamba Kiswahili kina njia ya kumtoa humo. Si lazima kubuni istilahi ngumu. Inatosha kutaja kinachotoka: chombo cha moshi, chombo cha mvuke, chombo cha ukungu, chombo cha matone, chombo cha hewa. Kila jina ni maelezo ya matumizi na ni onyo kwa wakati mmoja. Asikiaye chombo cha moshi atafungua dirisha. Asikiaye chombo cha mvuke atauangalia moto. Asikiaye chombo cha ukungu atayaangalia maji. Asikiaye chombo cha matone atahesabu mafuta. Na asikiaye chombo cha hewa atajua kwamba harufu haitakwenda mbali.

Wanafunzi wa isimu wanaotafuta kazi ya istilahi iliyo karibu na maisha ya watu wanaweza kuanzia hapo. Vifaa vingi vinavyofika Kamina kutoka Lubumbashi, kwa reli au kwa barabara, vimeandikwa kwa lugha ambayo wanunuzi wengi hawaisomi vizuri. Kuvipa majina yanayosema vinavyofanya ni huduma kwa lugha, na ni huduma kwa wale wanaolala katika chumba kimoja na vifaa hivyo.